Mgeni Aliyelitaka Jembe: Kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari mjini Berlin

Mwaka 1905 meli iliyotoka Ujerumani ilifika Dar es Salaam, na ndani yake walikuwemo mtu na mkewe. Mume ni mtu wa Dunda, jirani na Bagamoyo, anarudi kwao baada ya miaka kama mitano ya kuishi Berlin, alikokwenda kufundisha Kiswahili. Mke ni Mjerumani, jina lake Bertha Hilske. Ndoa yao haikuwa na muda. Walioana Berlin mwaka uliotangulia, kwa sheria ya huko huko, na karatasi yake wanayo. Serikali ya kikoloni ikasema mwanamke hashuki. Basi pale bandarini mume alikuwa mbele ya nchi yake inayotawaliwa na watu wa mkewe, na mke alikuwa chini ya bendera ya kwao, lakini hapakuwa na hata mmoja mwenye uwezo wa kumwambia mwenzake karibu. Wakarudi walikotoka.

Mume huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Waliokisoma kisa chake wengi wanakiweka kwenye fungu la ubaguzi wa rangi, wakafunga jalada. Ni sawa, ubaguzi ulikuwepo, tena wa wazi. Lakini kisa hiki kina jambo jingine linalomhusu kila Mswahili aliyepanga chumba Muscat, Leipzig au Toronto: kuna kutembea nchi ya watu, na kuna kukaa nchi ya watu. Mtoro alikubaliwa alipokuwa mgeni. Taabu zake zote zilianza pale alipofanya mambo ya mwenyeji.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumsema mgeni asiyejua kuaga, yule anayekula na kulala mpaka wenyeji wanapunguza unga kwenye sufuria. Igeuzeni kidogo. Jembe ni kazi, ndiyo, lakini pia ni kuhesabiwa. Anayepewa jembe atapewa na tuta, na mavuno yakija atakuwa na la kusema. Mtu ambaye mwaka wa tano bado anaketishwa mkekani, anaulizwa habari za kwao na kusifiwa anavyosimulia vizuri, hajapendwa kwa namna anavyodhani. Mtoro alililia jembe. Waliomwalika walitaka abaki mkekani.

Alikuwa nani kabla ya Berlin? Alizaliwa karibu mwaka 1869, akasoma chuo kama watoto wa waungwana wa pwani, na akafanya kazi ya kukusanya kodi ya nyumba kwa ajili ya serikali ya Wajerumani. Alikwenda bara, Udoe na Uzigua, na safari hiyo aliiandika. Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaompenda Mtoro hulipitia mbio: alikuwa mtu wa vyeo. Dunia ya pwani aliyokulia ilikuwa na mwungwana na mtumwa, mtu wa mjini na mshenzi wa bara, na yeye alijua yuko upande gani. Anapowaeleza Wadoe anawatazama kama mtalii, kutoka mbali na kutoka juu. Anapoueleza utumwa anaueleza kama utaratibu wa nyumba, kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwahi kuwa mtumwa. Nayo kodi aliyokuwa akikusanya haikuwa sadaka.

Silisemi hili ili kumshusha. Nalisema kwa sababu ndilo linaloeleza mshtuko wake. Alipanda meli kwenda Ulaya akiwa mwungwana, mwenye elimu yake, mwenye "Mwinyi" kwenye jina la baba. Akashuka mahali ambapo wenyeji hawakuwa na chumba cha kumwekea mtu kama huyo. Miaka minne tu kabla hajafika, mwaka 1896, huko Treptow, Berlin, watu zaidi ya mia moja kutoka makoloni ya Ujerumani, wengi wao Waafrika, waliwekwa kwenye maonyesho, watu wakalipa kiingilio kwenda kuwatazama. Mtu wa Berlin aliyepishana na Mtoro barabarani alikuwa na kumbukumbu hiyo kichwani. Neno letu "mshenzi" nalo, ambalo waungwana wa pwani walilitumia kwa watu wa bara, Wajerumani walikuwa wamelibeba wakaliingiza kwenye msamiati wao wa kikoloni, likiwa limepanuliwa maana. Mtoro akalikuta linamsubiri.

Kazi ilikuwa kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1887 kwa ajili ya kuwaandaa watu wanaokwenda ng'ambo: maofisa wa jeshi, makarani wa serikali, wafanyabiashara, wamisionari. Kabla yake walishapita wasemaji wengine wa Kiswahili, akiwemo Amur bin Nasur wa Unguja. Mtaalamu wa Kijerumani, Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali kule Afrika Mashariki, alifundisha sarufi. Mswahili alikuwa wa matamshi, mazungumzo na kusoma barua. Cheo chake kiliitwa Lektor. Kilikuwa cheo cha kweli cha chuoni, lakini cha chini, na mwenye nacho alikuwepo darasani kwa sababu ya kinywa chake kuliko kichwa chake.

Hebu tulitazame darasa lenyewe kwa karibu. Mbele yuko mtu mweusi wa miaka thelathini na kitu. Mbele yake wameketi vijana ambao baada ya miezi michache watakuwa Kilwa au Tabora, wana askari chini yao na kiboko mkononi. Kiswahili wanachokihitaji ni cha amri: lete, chukua, nyamaza, haraka. Mwalimu naye anatoka kwenye lugha ambayo huwezi kumwomba mtu maji kabla hujamuuliza ameamkaje, na mkubwa ameamkiwa, na wa nyumbani wameulizwa hali. Kijerumani kina namna mbili za kusema "wewe", ya heshima na ya mazoea, na koloni ilishazoea kwamba mweusi haambiwi ile ya heshima. Sasa mwanafunzi asahihishwe na mtu ambaye kule anakokwenda atamtuma maji ya kunawa?

Haikuwezekana. Wanafunzi hawakukubali kuongozwa na mtu mweusi, Mtoro hakukubali kudharauliwa, na mwisho wake kazi ikamtoka.

Leo mtu angeliita jambo hili "mgongano wa tamaduni", na angependekeza semina. Mimi nakataa. Tamaduni hazikugongana hapa, zilifanana mno. Ujerumani ya Kaisari ilikuwa nchi ya vyeo, mtu anaitwa kwa daraja lake la jeshi au la elimu, na mwalimu wa chuo ni mtu wa kuvuliwa kofia. Pwani ya Waswahili nayo mwalimu ni mtu wa kushikwa miguu, ndiko shikamoo ilikotoka. Mtoro alipodai adabu darasani hakuwa analeta desturi ngeni, alikuwa anadai kile ambacho Mjerumani yeyote mwenye cheo chake angedai. Alikuwa amewaelewa wenyeji wake barabara. Kosa lake likawa kutenda alichokielewa.

Mfananisheni na Selim bin Abakari. Huyu naye ni mwandishi wa Kiswahili, alikuwa mtumishi wa Mjerumani mmoja, na mwaka 1896 alifuatana naye mpaka Urusi na Siberia. Habari ya safari yake ilichapwa mwaka 1901 katika mkusanyo uleule wa Velten uliobeba safari ya Mtoro ya Udoe na Uzigua. Selim anapita. Anaona miji, anaona watu na mambo yao, anaandika, anaondoka. Hakuna anayemgombeza, kwa sababu hadai kitu. Mtalii ana uhuru mmoja mkubwa ambao mkaazi hana: hana haja na wenyeji zaidi ya chakula cha jioni na njia ya kesho. Anaweza kuwapenda wote.

Na ndiyo maana, nafikiri, kutoka kwa Selim tuna habari za nchi ya baridi, na kutoka kwa Mtoro, aliyekaa Ujerumani takriban miaka ishirini na saba, kitabu tunachokijua ni cha pwani. Anayepita huandika safari. Anayekaa huandika barua za ofisini: ya kudai, ya kuomba, ya kukumbusha ile aliyoiandika mwezi uliopita. Waliofuatilia maisha ya Mtoro wamempata zaidi kwenye majalada ya serikali, akiandika na kuandikiwa. Aliyewahi kuishi Ujerumani ataelewa bila kufafanuliwa. Mpaka leo anayehamia huko ana wiki mbili za kwenda kuandikisha anwani yake, na bila ile karatasi hata kufungua akaunti benki ni taabu. Picha za mbele ya lango la Brandenburg ni za mtu wa siku nne. Mkaazi ana faili la bahasha.

(Mambo haya yana upande wa pili. Hapa kwetu wapo Wazungu waliokaa Zanzibar au Diani miaka ishirini, na bado ni watalii: ukuta mrefu, mlinzi getini, Kiswahili cha "pole pole" na "hakuna matata". Wao jembe wamepewa, wameliegemeza ukutani kama pambo.)

Turudi kwenye ndoa. Mtoro aliyaeleza vizuri mambo ya ndoa za pwani: posa inavyopelekwa, mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama, na shughuli zote za harusi. Berlin haina kilemba wala mkaja. Ina ofisi ya msajili na fomu yenye nafasi mbili, ya jina la mtu na ya jina la ukoo, na mtu anayeitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari inabidi akatwe kidogo ili aingie. Oktoba 1904 aliingia, Bertha akaingia, wakatoka mtu na mkewe. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ujerumani yenyewe haikukataza ndoa ya namna hiyo, na msajili hakuwa na sababu ya kuikataa.

Kisheria, basi, hakuna zaidi ya hapo ambapo mgeni angefika. Kuoa kwa watu ni kushika mpini kwa mikono miwili. Unapata mkwe, shemeji, sikukuu za kuhudhuria, na ugomvi wa familia ambao haukuhusu lakini unatakiwa uwe na upande. Hakuna mtalii mwenye shemeji.

Ndipo akafanya kosa jingine, kama ni kosa: akaamua kwenda na mkewe kwao. Nadhani hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mke ni raia wa Ujerumani, koloni ni ya Ujerumani, ndoa ni ya Ujerumani. Tena nyumbani kwake pwani, mtu aliyekwenda mbali akarudi na mke wa kigeni hakuwa kioja. Bagamoyo ilikuwa imejaa watu wa kuja: Waarabu, Wahindi, Wamanyema, Wanyamwezi, wameoa na kuolewa. Huko ndiko alikojifunza kwamba mgeni anaweza kugeuka mwenyeji, na yawezekana aliamini ni kanuni ya dunia nzima.

Lakini koloni haikuendeshwa kwa sheria za Berlin, iliendeshwa kwa kile walichokiita heshima ya mzungu. Mwanamume wa Kijerumani kuwa na mwanamke wa Kiafrika nyumbani, hilo lilikuwepo kila boma na lilifumbiwa macho. Mwanamke wa Kijerumani kuwa mke wa Mwafrika, apike kwa mkwewe Dunda, asalimiwe "shikamoo mama" na watoto wa jirani, hilo lingevunja kila kitu, maana kila askari na kila kuli angeliona kwa macho yake. Gavana alikuwa von Götzen. Mwaka huohuo, Julai, vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Na mwaka 1906 serikali ya koloni ikakataza ndoa za Wajerumani na Waafrika, kwa hiyo kilichofanyika melini mwaka 1905 kwa neno la wakubwa sasa kilikuwa na kanuni yake.

Tazama basi alivyobanwa. Berlin anaruhusiwa kuwa mume wa Bertha lakini haruhusiwi kuwa mwalimu wa vijana wa Kijerumani. Dar es Salaam angeweza kuwa karani, akida, hata mwalimu, lakini siyo mume wa Bertha. Kila upande ulikuwa tayari kumchukua nusu. Na upande uliomkatalia vibaya zaidi, ule uliomfanya mgeni kabisa, ulikuwa kwao, kiasi cha kilomita 70 kutoka mahali alipojifunzia kusoma.

Mashauri tunayopeana siku hizi kuhusu kuishi ughaibuni yanafanana: jifunze lugha, jifunze desturi zao, usijitenge, heshimu utaratibu. Ni mashauri mazuri na mimi mwenyewe nimeyatoa. Lakini yote yanadhani kwamba tatizo liko kwa mgeni, kwamba akijua vya kutosha atapokelewa. Mtoro alijua. Lugha alikuwa nayo, kazi alikuwa nayo, mke, sheria, mpaka namna ya kuandika barua ya malalamiko kwa mkubwa wa serikali. Ukimpima kwa mashauri yetu, alifaulu kila kipengele. Swali ambalo mashauri hayaulizi ni nani ameshika mlango, na anataka nini. Kuna wenyeji wanaopenda mgeni mradi awe mgeni: avae vya kwao, apike vya kwao, asimulie vya kwao. Siku anaomba kupandishwa daraja kazini ndiyo siku wanagundua hana adabu.

Baada ya kurudishwa, maisha yake yanaweza kusimuliwa haraka, ingawa yeye aliyaishi polepole. Miaka ya shida Berlin. Kisha Hamburg, ilikofunguliwa Taasisi ya Kikoloni mwaka 1908, na alikohamia Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, mwaka uliofuata. Mtoro alipata kazi huko ya Kiswahili, lakini safari hii jina la kazi lilikuwa msaidizi wa lugha. Kutoka Lektor mpaka msaidizi: mtu amezeeka kazini, cheo kimerudi utotoni. Baadaye alirudi Berlin, na sehemu ya riziki yake ikawa kutoa mihadhara kuhusu Afrika.

Hapo huwa nasimama kidogo. Mtu wa miaka hamsini, mwenye mke wa Berlin, mwenye jirani wa Berlin, anayejua bei ya makaa ya mawe na tramu ipi inapita wapi, anasimama mbele ya watu wanaoishi mtaa mmoja naye na kuwaeleza Afrika, bara aliloliacha mwaka 1900 na kuzuiliwa mlangoni mwaka 1905. Mkeka uleule. Kazi pekee waliyokuwa tayari kumlipa kwa zaidi ya robo karne ilikuwa kazi ya kuwa mtu wa kutoka kwingine. Vita vilipokwisha na Ujerumani ikanyang'anywa makoloni, mwaka 1919, hata hiyo "kwingine" ilipewa Mwingereza, na watu wa iliyokuwa koloni waliobaki Ujerumani wakaning'inia: uraia hawana, na serikali iliyowaleta haina tena nchi ya kuwarudisha. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Miaka miwili baadaye aliingia mjini humo kijana mwingine wa pwani, Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam. Naye akafundisha Kiswahili kwenye seminari ileile, naye akaoa Mjerumani, na mwaka 1944 alikufa kwenye kambi ya Sachsenhausen.

Bado sijamaliza na Bertha. Yeye hatumsikii kabisa, na mimi sitamtungia maneno. Lakini kisa hiki ni chake pia. Kuna wanawake wa Kijerumani walioshuka bandarini pale miaka hiyo na kupokewa vizuri: wake wa maofisa, watawa, masista wa hospitali. Waliishi Dar es Salaam miaka mingi na wengi wao hawakuwahi kula nyumbani kwa Mswahili. Yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kukaa. Angefika Dunda asijue kubisha hodi, asijue nani aamkiwe kwanza, asijue kukaa chini kwenye jamvi bila miguu kufa ganzi, na angepaswa kufundishwa yote hayo na mama mkwe na mawifi.

Na kitabu cha kumfundisha kilikuwepo. Velten alikuwa amekichapa pia kwa Kijerumani, mwaka uleule wa 1903, Göttingen, ili Wajerumani waendao pwani wajue watu wa huko wanavyozaa, wanavyolea, wanavyooza na wanavyozika. Kilisomwa na maofisa na makarani. Yule mmoja ambaye angekitumia jikoni, akikisoma kwa lugha yake mwenyewe, na mwandishi yuko pembeni wa kumuuliza asipoelewa, aliambiwa abaki melini.